Joho la ngano za Ayalandi: sufu, kitani, mwani, kombucha au mabua?

Anayechota mavazi kwenye ngano za Ayalandi hakosi hadithi. Wapo wanawake wa baharini wanaovua ngozi zao za sili ufukweni, wapo watoto wa Lir waliogeuzwa mabata maji, yupo Mtakatifu Brigid ambaye joho lake lilitanuka mpaka likafunika tambarare yote ya Curragh kule Kildare. Kinachomkwamisha ni kitambaa. Mchoro umeshabandikwa ukutani, mezani kuna sampuli tano, kila moja inaitwa "endelevu", na kila muuzaji anaapa kuwa yake ndiyo ya kesho.

Ili tusilinganishe papai na nazi, zote tano tutazipima kwa vazi moja: joho la nusu duara lenye urefu wa sentimita 110 kutoka shingoni, yaani karibu mita 1.9 za mraba. Hatukuchagua joho kwa kubahatisha. *Brat*, joho la Kiayalandi, limo mara nyingi kwenye ngano zao: linafichwa, linaibwa, linaponya, linageuza mtu.

## Vigezo kabla ya sampuli

Cha kwanza, na kwetu ndicho kizito, ni tabia ya nyenzo. Jiulize vazi linafanya nini ndani ya hadithi: linatia joto? linakauka na kukakamaa? linazeeka? linaficha uso? Kisha tafuta nyenzo inayofanya hivyo yenyewe. Kuchapa picha ya sili kwenye kitambaa cha kawaida hakuleti sili.

Cha pili ni mwili: uzito, mwasho, jasho. Cha tatu ni maji na hewa, kwa sababu nyenzo nyingi za majaribio huwa nzuri Jumatatu na kuharibika Alhamisi unyevu ukibadilika. Cha nne ni kazi: siku, nafasi na vyombo. Cha tano ni mwisho wa vazi. Kitu kutoka kwenye mmea hakiwi endelevu kwa hilo peke yake; tazama kimechanganywa na nini na kitaozea wapi.

Halafu hadithi yenyewe. Kofia ya kijani na jani la pande tatu ni bidhaa za watalii. Mkusanyiko wa Taifa wa Ngano uliopo University College Dublin una kurasa nyingi zilizowekwa wazi kwenye duchas.ie, zikiwamo zile ambazo watoto wa shule waliandika kati ya 1937 na 1939 kwa kuwahoji wazee wao. Soma matoleo matatu ya hadithi moja kutoka kaunti tofauti kabla ya kushika mkasi. Kinachobadilika kati ya matoleo mara nyingi ndicho kinachotoa wazo la vazi.

## Sufu ya kushikamanisha kwa maji

Hadithi inayoibeba. Watoto wa Lir walikaa mabata maji kwa miaka 900: 300 kwenye ziwa la Derravaragh, 300 kwenye bahari ya Moyle, 300 kisiwani Inis Gluaire pwani ya Mayo. Usiku wa barafu kule Moyle, dada mkubwa Fionnuala aliwafunika ndugu zake, mmoja chini ya bawa la kulia, mwingine la kushoto, wa tatu chini ya manyoya ya kifua. Vazi la hadithi hii kazi yake ni kutia joto. Sufu hunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi maji, na ikilowa bado inatia joto.

Kazi. Anza na kipande cha majaribio, usikiruke. Pima gramu 12 za sufu ya merino, itandaze sentimita 30 kwa 30 katika tabaka mbili zinazokatana kama msalaba, nyunyiza maji ya vuguvugu ya nyuzijoto 40 hivi yenye sabuni kidogo ya mafuta ya zeituni, funika kwa wavu, papasa mpaka nyuzi zishikane, kisha vingirisha ndani ya mkeka. Kikiisha kikapimwa sentimita 20 kwa 20, kipimo chako ni 1.5: kila urefu wa mchoro uzidishe kwa 1.5 wakati wa kutandaza. Joho letu la sentimita 110 litatandazwa na nusu kipenyo cha sentimita 165, na litakula takribani gramu 570 za sufu. Nunua 700.

Manyoya ya bawa hutengenezwa wakati huohuo. Weka mkia wa kila shungi la sufu juu ya kipande cha plastiki nyembamba, ncha yake moja tu iguse joho. Ncha hiyo itashika, mkia utabaki huru. Anza na safu ya chini na upande juu kuelekea shingoni, kama mtu anayeezeka makuti.

Panapoharibika. Ukivingirisha kabla nyuzi hazijashikana, zinahama na kufanya matuta yasiyonyooka tena. Sabuni ikizidi, nyuzi zinateleza tu. Ikipungua, zinafanya vidonge juu. Sufu iliyoandikwa kuwa inafuliwa kwa mashine haishikamani hata uivingirishe hadi kesho, kwa sababu magamba ya nyuzi zake yameondolewa au kufunikwa. Sabuni isiyosuuzwa vizuri huacha sufu ikiwa kavu na dhaifu, kwa hiyo maliza na maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita 5.

Mwilini na majini. Laini ikiwa merino. Sufu ya kondoo wa milimani wa Ayalandi ni nene na inawasha shingoni, ila kwa tabaka la nje inafaa sana, na kuna sababu ya kuitafuta: kwa miaka ya karibuni wafugaji wengi huko wamekuwa wakilipwa chini ya gharama ya kunyoa. Tabaka la ndani liwe merino, la nje liwe la mlimani. Mvua si tatizo. Nondo ni tatizo.

Mwisho. Inaoza kwenye mboji, polepole, mradi hukuishonea bitana ya poliesta.

Inamfaa mwenye nguvu za mikono, meza ndefu na siku tatu nne, anayetaka vazi litakalovaliwa kweli. Haimfai anayehitaji mishono iliyonyooka na vipimo kamili kwa sentimita.

## Kitani

Hadithi inayoibeba. Usiku wa tarehe 31 Januari, mkesha wa sikukuu ya Brigid, watu huacha kitambaa nje, juu ya kichaka au dirishani, Brigid akipita akibariki. Huitwa *Brat Bríde*. Kilitunzwa kwa ajili ya maumivu ya kichwa na kwa mama anayejifungua, na mara nyingi kilichanwa vipande ili kila mtu wa nyumbani apate chake. Hapa tabia ya kitani inaingia moja kwa moja: ukikata mdomo wa sentimita moja na kuvuta, kinachanika kwa kufuata uzi, pindo limenyooka kama rula. Joho linaloweza kugawanywa kwa mikono jukwaani, mbele ya watu, linasema habari ya Brigid kuliko msalaba wake uliochapwa mgongoni.

Nchi yenyewe ina historia na kitani. Ulster, jimbo la kaskazini, ilijengwa na zao hili, na Belfast ya karne ya 19 ilipewa jina la utani la mji wa kitani. Upperlands, kaunti ya Derry, bado wanaponda kitani kwa nyundo za mbao za mashine mpaka kinang'aa bila kemikali. Shati la zamani la Kiayalandi, *léine*, lilikuwa la kitani, na lile la rangi ya zafarani lilipigwa marufuku na sheria ya mfalme Henry VIII mwaka 1537. Rangi ya manjano hapo si pambo tu.

Kazi. Chukua mita 4 za kitani chenye upana wa sentimita 150 na uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba: jumla gramu 1,200. Kichemshe kwanza saa moja na magadi soda ya kufulia, maana nta ya mmea ikibaki rangi haishiki, na kitani kipya hupungua kiasi cha asilimia 5 hadi 10. Fua kabla ya kukata, si baada.

Nyuzi za mmea hazishiki vizuri shabu, ambayo ndiyo hushikiza rangi, peke yake. Zinahitaji kwanza tanini, ile dutu ya magome na maganda inayokausha ulimi. Asilimia 8 ya tanini kwa uzito wa kitambaa ni gramu 96, loweka usiku kucha. Kisha shabu asilimia 15, gramu 180, usiku mwingine. Baada ya hapo ndipo rangi. Kwa kijivu na weusi wa kinamasi, acha shabu: baada ya tanini tumbukiza kitambaa dakika 10 tu kwenye maji yenye salfeti ya chuma, asilimia 2 na isizidi, yaani gramu 24. Kitageuka mbele ya macho yako. Ndiyo kemia ileile iliyofanya magogo ya mwaloni yaliyozama kwenye vinamasi vya Ayalandi kuwa meusi: tanini ya mti imekutana na chuma cha maji. Aliye Njombe au nyanda za juu za Kenya ana magome ya miwati, ambayo yana tanini nyingi. Kwingineko maganda ya komamanga yanatosha.

Panapoharibika. Chuma kikizidi kinakula nyuzi, na joho litaanza kuchanika kwenye mikunjo baada ya miezi. Sufuria ya chuma chakavu hufifisha kila rangi hata kama hukutaka. Na kuna wazo linalowajia wengi, la kufukia kitambaa kinamasini ili kipate rangi ya kale. Kwa kitani ni kosa. Kinamasi chenye asidi huhifadhi sufu na ngozi kwa karne nyingi lakini hula nyuzi za mimea. Isitoshe vingi vinalindwa, havichimbwi.

Mwilini na majini. Hakuna kinachokishinda kwa joto: kinapitisha hewa, na kikilowa kinakuwa imara zaidi. Hakina mnyumbuko, kwa hiyo kwenye bega kata kwa mshazari. Kitajikunja. Anayechukia mikunjo achague kingine.

Mwisho. Miaka mingi ya kuvaliwa, kisha vitambaa vya jikoni, kisha mboji.

Inamfaa fundi cherehani mwenye ujuzi wa kawaida anayetaka kujaribu rangi bila kujaribu kitambaa. Ndiyo njia yenye hatari ndogo kuliko zote tano, na kwa majaji wengine hilo linaweza kuonekana kama kukosa ujasiri.

## Plastiki ya mwani

Hadithi inayoibeba. Pwani ya magharibi, kutoka Donegal hadi Kerry, husimuliwa mwanamume aliyemkuta mwanamke wa baharini amevua joho lake, akaliiba, akamwoa. Joho analificha darini. Miaka inapita, watoto wanazaliwa, siku moja mmoja wao analiona na kumwambia mama. Jioni hiyohiyo mama hayupo.

Sasa tazama kipande cha mwani kilichokaushwa. Kikikaa mahali pakavu kinakakamaa, kinajikunja kingo, kinatoa mlio kama karatasi. Kipe unyevu kinalainika na kuteleza mkononi. Nyenzo hii inafanya yenyewe kile hadithi inachosimulia, na ndiyo maana tunaisamehe mengi.

Kazi. Kuna familia tatu za unga wa mwani, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu majaribio mengi.

*Aga* hutoka kwenye mwani mwekundu. Kwa trei ya sentimita 60 kwa 40 changanya lita 1 ya maji baridi, gramu 20 za aga na gramu 50 za glisirini. Chemsha kwa moto mdogo dakika 20 hadi 30, ukikoroga polepole ili usiingize mapovu, mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Aga haiyeyuki sawasawa chini ya nyuzi 85, na huanza kuganda ikishuka karibu na 40, kwa hiyo trei iwe imesawazishwa kwa pima maji kabla hujaondoa sufuria motoni. Tandaza shashi ya pamba kwenye trei na umimine juu yake. Shashi ndiyo itakayobeba mshono. Acha ikauke siku 4 hadi 6, igeuze siku ya pili. Itapungua kama asilimia 20 kila upande. Hesabu yake: kila trei inakupa karibu mita 0.15 za mraba, kwa hiyo joho letu linataka trei 13, nawe andaa 15. Hiyo ni gramu 300 za aga na gramu 750 za glisirini.

*Aljineti* hutoka kwenye mwani wa kahawia, jamii ya ule unaovunwa Connemara. Haichemshwi. Saga gramu 30 kwenye lita 1 ya maji pamoja na gramu 40 za glisirini, iache usiku kucha mapovu yapande yenyewe, mimina, kisha nyunyizia maji yenye kloridi ya kalsiamu, gramu 10 kwa kila mililita 100. Kalsiamu inaifunga. Ikishafungwa hairudi kuwa uji hata ukiipasha moto, na hapo ndipo inapoizidi aga.

*Karagini* ndiyo inayotuunganisha na kwetu. Waayalandi wana mwani wao uitwao *carraigín*, wanaouchemsha na maziwa kwa kitindamlo na kwa kikohozi. Mwani unaolimwa na wanawake wa Paje na Jambiani, Zanzibar, spinosum na cottonii, nao hutoa karagini, haunipi aga wala haukupi wewe. Anayeufuata mwongozo wa aga kwa unga wa Zanzibar atapata kitu kingine kabisa. Karagini ya cottonii hukaza kwa potasiamu na kutoa karatasi ngumu inayokatika. Ya spinosum hukaza kwa kalsiamu na kubaki laini, yenye kunyumbulika, ila dhaifu. Kwa vazi, spinosum juu ya shashi nzito inafaa zaidi.

Panapoharibika. Karibu kila mahali, na sababu zinajulikana. Glisirini huvuta unyevu hewani: kiasi kilekile kinachofaa Dublin ndani ya ukumbi wenye hita kitanata Mombasa mwezi wa Aprili. Punguza hadi gramu 35 kwa lita kwenye pwani yenye unyevu, ongeza hadi 60 kwenye ukavu. Siki ikitiwa wakati mchuzi unachemka inavunja aga na karatasi haishiki. Mafuta ya karafuu, matone matano, yanazuia ukungu na yatiwe baada ya kuzima moto. Ukikausha kwa feni upande mmoja tu, karatasi inajipinda kama vigae. Na mshono: sindano ikitoboa karibu-karibu, inaacha mstari wa kuchanika kama stempu za posta. Mshono uwe wa milimita 4 au zaidi, na nyuma yake utepe wa pamba. Kwa aga kuna njia nzuri zaidi: pandanisha kingo sentimita 2, paka uji wa moto katikati, bana mpaka ipoe. Joho lote linaweza kuunganishwa bila uzi.

Mwilini na majini. Kwenye ngozi tupu inanata na haipitishi hewa. Lazima bitana. Aga ikipigwa na mvua inavimba na kulegea. Aljineti inavumilia maji ya kawaida, lakini sabuni za kufulia hunyang'anya kalsiamu na kuiacha laini kama utumbo. Haifuliwi. Inapanguswa.

Mwisho. Ikiwa ni mwani, glisirini na shashi ya pamba, inaoza haraka kuliko zote nne nyingine. Aga ina hisani ya ziada: kata mabaki, yachemshe upya, mimina tena, ukiwa umetoa shashi. Ukiweka shifoni ya poliesta badala ya shashi, umetengeneza taka iliyovaa vazi la kijani.

Inamfaa mwenye onyesho, picha au maonyesho ya makumbusho, na wiki tatu za kujaribu. Haimfai anayeuza vazi kwa mteja atakayelivaa harusini na kucheza.

## Ngozi ya kombucha

Hadithi inayoibeba. An Chailleach Bhéarra, bibi kizee wa rasi ya Beara, aliyezeeka na kurudi ujana mara nyingi mpaka mwisho akawa jiwe. Jiwe lenyewe linaonyeshwa hadi leo likitazama ghuba ya Coulagh, na watu huacha sarafu na vitu vidogo juu yake. Ngozi ya kombucha, utando unaoota juu ya chai tamu iliyochachushwa, ina mikunjo, madoa ya chai na mishipa, na inaendelea kukolea rangi kadiri miezi inavyopita. Mbunifu Suzanne Lee ndiye aliyeifanya ijulikane kwenye mitindo, kwa kazi aliyoianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kule London.

Kazi. Trei ya ukubwa uleule, sentimita 60 kwa 40, mchanganyiko ukifika kina cha karibu sentimita 4.5: lita 10 za maji, mifuko 10 ya chai ya kijani, kilo 1 ya sukari, lita 1 ya siki ya tufaha na mama wa kombucha aliye hai, yaani utando wa kuanzishia. Chai ipoe hadi chini ya nyuzi 30 kabla ya kumtia mama, la sivyo unampika. Funika kwa kitambaa, weka mahali pa nyuzi 25 hadi 28, usiguse wiki 2 hadi 4. Utando ukifika unene wa sentimita 1.5 au 2, utoe, uoshe kwa maji na sabuni kidogo, utandaze juu ya ubao. Siku 3 hadi 7 baadaye utakuwa na karatasi nyembamba kuliko milimita moja, maana karibu wote ulikuwa maji. Vipande vikipandanishwa vikiwa vibichi vinashikana vikikauka, mshono hauhitajiki. Malizia kwa nta ya nyuki na mafuta ya nazi.

Panapoharibika. Ukungu wenye manyoya ya kijani au nyeusi juu ya utando: mwaga vyote, usijaribu kuokoa. Chini ya nyuzi 20 ukuaji unakuwa mvivu na ukungu unapata nafasi. Kila ukisogeza trei, utando unaanza tabaka jipya, na tabaka hizo zitaachana baadaye kama kitunguu. Trei za chuma zinaliwa na asidi. Sukari isiyooshwa inaleta sisimizi.

Mwilini na majini. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. Inanyonya jasho, inavimba, inateleza, na ina harufu ya siki ambayo nta inaipunguza tu. Kola, mkanda, kinyago, vipande vya mabega: sawa. Joho zima: trei zaidi ya 8, na mvaaji asitoke jasho.

Mwisho. Inaoza yote, nta ikiwemo.

Inamfaa mwenye subira na chumba chenye joto la kudumu. Pwani ya Afrika Mashariki joto ni la bure. Tatizo ni kukausha msimu wa mvua.

## Mabua

Kwa ufupi, kwa kuwa si nyenzo ya joho zima. Tarehe 26 Desemba, na kwenye harusi za vijijini, vijana waliovaa mabua huingia nyumbani wakicheza bila kujulikana ni nani. Kinyago chenye ncha kinafunika kichwa chote. Mifano ya mavazi hayo ipo kwenye makumbusho ya maisha ya vijijini ya Turlough Park, karibu na Castlebar. Mabua ya ngano (hapa nafaka, si hadithi) au ya shayiri hulowekwa nusu saa kwenye maji ya vuguvugu kisha husukwa yakiwa bado na unyevu. Anayejua kusuka ukili ana nusu ya ujuzi. Tofauti ni kwamba bua ni bomba tupu, ukilikunja kavu linavunjika. Mashine za kuvuna huyakatakata, kwa hiyo tafuta yaliyovunwa kwa mkono au ya kuezekea. Yanakwaruza shingo, mvua huyatia ukungu yasipoanikwa, na yanashika moto upesi mno: mishumaa ya jukwaani iondoke. Mboji inayapokea. Yanamfaa anayetaka kuficha uso na kubadili umbo la mwili kwa gharama ndogo.

## Chagua kwa hali yako

Una wiki mbili na cherehani: kitani. Una wiki mbili, huna cherehani, una mikono: sufu.

Vazi litavaliwa nje Ayalandi, ambako mvua haiulizi: sufu, bila mjadala mrefu. Litavaliwa Dar es Salaam au Muscat: kitani, na zile nyingine ziwe vipande vidogo juu yake.

Onyesho la dakika chache, na hadithi ni ya bahari: aljineti kama kuna uwezekano wa maji, aga kama unataka kuyeyusha na kumimina upya baada ya onyesho. Uko Zanzibar na unataka mwani wa jirani: spinosum, lakini anza na trei tatu za kupima kalsiamu kabla ya kuahidi vazi.

Mwanafunzi anayepimwa kwa majaribio kuliko vazi lililokamilika: kombucha na mwani kwa pamoja, trei mbili za kila moja, na daftari la tarehe, joto na uzito. Kola moja iliyofanikiwa na kumbukumbu kamili ni bora kuliko joho lililooza kwenye begi.

Hujaamua kati ya mbili: shona joho la kitani, kisha tengeneza mabega ya mwani au manyoya ya sufu yanayofungwa kwa vifungo. Yakiharibika yanavuliwa, joho linabaki. Kabla ya kukata, funga sampuli ya sentimita 10 ya kila nyenzo mkononi, uvae kutwa nzima ukipika, ukifagia, ukipanda daladala, na jioni utazame ipi bado ipo.